Kwa Irja, Anayeanza Jumatatu

Irja, kompyuta yako itafika kesho kwa basi la Kajaani,
imeviringishwa gazeti na soksi kuukuu za Tauno.
Usicheke. Sisi tunatengeneza madirisha,
na muuza vioo anajua kufunga kitu kisivunjike.

Wewe utakuwa Suomussalmi, mimi niko Puolanka,
ofisi iko mbali nasi sote wawili.
Kati yetu kuna misonobari, theluji, na waya mmoja;
nani mwingine ameutegea sikio, hatujui.

Watakupa karatasi yenye masharti kumi na manne.
Isome. Kisha nisikilize mimi,
maana karatasi ile iliandikwa kwa sababu yangu.

Ilikuwa Novemba, saa tisa alasiri, giza tayari limekaa dirishani.
Barua pepe ikaingia kwa jina la Tauno, salamu zake zilezile za mkato,
hata tabia yake ya kusahau nukta mwishoni:
*Muuza vioo amebadili benki. Lipa leo. Niko kikaoni, usipige simu*

Irja, anayekukataza kuuliza
ameshakujibu.

Nililipa. Yuro elfu kumi na nane na mia sita.
Ndipo nikaiona anwani: Heikurra, r mbili,
pale ambapo babu yake Tauno aliridhika na moja.

Lakini kosa langu halikuwa kulipa.
Kulipa ni kuteleza barafuni, na hata paka huteleza.
Kosa langu ni kwamba nilikaa.
Dakika arobaini.
Nikaosha vikombe. Nikapanga kuni. Nikamlisha paka mara mbili.
Nikatunga uongo, nikaufuta, nikatunga mwingine mzuri zaidi.
Mficha uchi hazai, na mimi nilijifunika gubigubi.
Dakika zile zote nilikuwa kibarua wa mwizi,
tena bila mshahara.

Nilipompigia, Tauno alikuwa sauna.
Nikasikia mlango, nikasikia theluji ikilia chini ya nyayo tupu,
kisha kimya. Nikangoja matusi.
Akasema: "Benki umewapigia? Wapigie sasa. Mimi napiga polisi."
Basi. Benki waliokoa elfu sita.
Zilizobaki zilikwenda na vikombe vyangu safi.

Kwa hiyo namba ya akaunti ikibadilika, piga simu,
si kwa namba iliyo ndani ya barua,
bali kwa ile tuliyokuwa nayo tangu zamani.
Yangu nimeiandika ukutani kwa kalamu ya mbao, juu ya jiko.
Bosi akikasirika, na akasirike;
hasira yake haina riba.

Onni akiomba kompyuta ya kazi acheze mchezo wake,
mnyime, hata akilia. Mpe mkate wa mdalasini.
Nenosiri la kazi lisiwe ndugu, wala shemeji,
wa lile la duka lako la uzi.
Ruta uliyoikuta humo nyumbani bado inaitikia jina la kiwandani;
ibatize upya kabla ya Jumatatu.
Programu ikiomba kusasishwa usiku, usiiambie kesho. Iache ifanye, ulale.
Na simu ikikuletea tarakimu sita usizoziomba,
usimsomee mtu: hata anayejiita fundi,
hata mwenye lafudhi ya kwenu.

Hata mimi. Umejuaje kuwa barua hii ni yangu?

Siku utakayokosea, na itafika,
nipigie kabla hujaosha hata kikombe kimoja.
Namba yangu sikuiandika humu, kwa makusudi.
Itafute ndani ya soksi ya kushoto,
kwa mwandiko mbaya wa Tauno.