Nyuzi Nne Nukta Sita

Siku tano walimdunga Numbi sindano za kuzigutusha seli,
zitoke kwenye uboho, ziingie njiani.
Siku ya nne akasema mifupa yake inavuma
kama bati la Katuba mvua ya Novemba ikianza.
Siku ya tano alilala kando ya mashine,
mkono huu unatoa, mkono ule unapokea,
na aliomba jambo moja tu:
bukari, ya moto, nikimaliza.

Mfuko si mkubwa. Ungetosha katika sahani ya mtoto.
Rangi yake si ya damu hasa,
ni ya nyanya zilizosagwa na maji kidogo.
Niliandika saa: nane na dakika kumi, mchana.
Saa sabini na mbili, alisema daktari Mujinga,
lakini wewe, Kisimba, hesabu arobaini na nane.

Usigandishe. Barafu isiguse mfuko, weka kitambaa kati.
Usikubali ile mashine ya kuchungulia mizigo.
Usitikise.
Usilale.
Umeme ulikatika mara mbili kabla hatujafunga boksi;
jenereta ya lupitalo ikakohoa, ikakohoa tena,
ikakumbuka kazi yake.

Kaumba yuko mbali, ndani ya chumba cha vioo.
Uboho wake wameshauchoma kwa dawa.
Hilo silitamki ndani ya gari:
kwamba wamekwisha kumbomolea nyumba ya zamani
na matofali ya mpya
yako juu ya mapaja yangu.

Numbi aliomba visa mara tatu, ampelekee kaka yake mwenyewe.
Mara tatu walimjibu: hatuna hakika kwamba utarudi.
Sasa seli zake zinakwenda, yeye amebaki Katuba
na plasta mbili mikononi.
Hakuna aliyeziuliza kama zitarudi.

Kasumbalesa. Kamyo za shaba zimejipanga mpaka jicho linachoka,
madereva wanapika chini ya trela.
Afisa wa forodha anagonga kifuniko kwa kalamu.
— Nini humu?
Nina barua yenye mihuri sita. Nina Kifaransa nilichokariri tangu asubuhi.
Mdomo wangu ukasema:
— Ni mtu na dada yake.
Akanitazama mimi, akatazama kipimajoto:
nne nukta sita.
— Mtoto wa mkubwa wangu naye SS, akasema.
Hakusema kama yuko au alikuwako. Sikuuliza.
Akapiga mluzi, kamyo moja ikarudi nyuma, nyingine ikanuna,
tukapita katika upenyo usiomtosha mbuzi.

Nne nukta nane.
Tano.
Nne nukta tisa.
Barabara ya Ndola ina mashimo, dereva anayapita kwa adabu,
kama mtu anayepita mbele ya msiba.

Simu ikatikisika mfukoni. Numbi:
bukari waliniletea baridi.

Nilitaka kucheka kwa sauti,
nikajizuia,
boksi halipendi kutikiswa.