Jalidi, Mwezi wa Nane

Muhenna kaja Ghala saa tatu za usiku,
joto bado limekaa mlangoni kama mdai.
Kaniwekea mezani manifoldi mbili:
moja ya plastiki, nyeusi, unaiinua kwa vidole viwili;
ya pili ya alumini, ya kusubu, nzito,
konani mwake mngali na chembe za mchanga wa kalibu.
"Chagua, Zuwena," kanambia. "Wewe ndiye unayeujua mtungi."

Mtungi naujua.
Wa buluu, ratili kumi, umelazwa butini,
ndani mna gesi ile ile ya daktari wa meno wa Ruwi,
inayomchekesha mtu huku jino lake linang'oka.
Injini nayo hucheka ikiipata.
Hucheka mpaka ikapaliwa.

Hoja ya Muhenna si mbovu:
plastiki haishiki moto.
Hapa Maskati, alasiri, gari likitoka kukimbia,
weka mkono juu ya alumini uache ngozi.
Hewa ikipita humo inafika silinda imeshachoka.
"Na uzani," anasema, "ratili tisa!
Ratili tisa puani pa gari, Zuwena, kwa nini nizibebe?"

Sikumjibu. Nilifungua droo
nikamtolea kipande cheusi, upana wa kiganja,
kingo zake kali kama kigae.
Nilikichomoa ukutani mwenyewe,
juu ya kalenda ya duka la matairi,
mwaka ule wa gari la Azzan.
Gesi tuliifungua mapema, injini ikizunguka kivivu,
petroli ikatuama ndani kama dimbwi la uani,
cheche ikapotea njia ikachungulia humo.
Kikohozi kimoja.
Boneti ikaruka,
na nyusi za Shaji hadi leo hazijapatana.

Alumini nayo hukohoa, sikatai.
Itatema gaskiti, itapinda kilango cha hewa,
itakutia hasara ya mwezi mzima.
Lakini haigawanyiki ikaenda kutafuta watu.

Tukaizungumza na kaboni ya kufumwa
(bei yake mahari, na harusi juu),
tukaizungumza bati la kulehemu;
Shaji kasema atalikata mwenyewe, apewe siku nne.
Nikamwambia, Shaji, mshono wako naupenda,
uweke kwenye bomba la moshi.
Hapa nataka kitu kisicho na kumbukumbu ya kukatwa.

"Na joto?" Muhenna hajaachia.

Basi tukaifunga ile ya kusubu,
boliti kumi, kwa zamu, kutoka kati kwenda nje,
kama mtu anayelainisha shuka.
Gari tukalitia minyororo juu ya roli za kupimia.
Saa sita ikatupita.
Shaji akakanyaga, mabati ya paa yakatetemeka,
sindano ikapanda, akanitazama,
nikabonyeza: moja, mbili, tatu, nne.

Mtungi ukashusha baridi yake yote,
baridi ya nchi ambazo hatuna ndugu huko,
na shingoni mwa alumini, pale nozeli inapoingilia,
nje nyuzi thelathini na nane, mashati yametuganda mgongoni,
pakaota weupe.

Injini ilipozimwa tukainama watatu.
Muhenna, mtoto wa Bausher,
ambaye jalidi kaiona kwenye friza ya samaki tu,
kaigusa kwa kidole cha mwisho, taratibu,
kama anayegusa utosi wa kichanga.
Hakusema kitu. Mie pia.
Ule weupe ukawa jasho, jasho likateremka,
likafika kwenye boliti ya tatu likakauka.

Akalipa, akasahau kuuliza chenji.

Ile nyeusi aliiacha.
Ipo juu ya rafu, imesimama wima,
na katika matundu yake manane
Shaji kapanga bisibisi.