Mara Tatu

Akigonga mara moja ni ndiyo. Mara mbili, hapana.
Hayo tulikubaliana Machi, Mama na mimi,
aliporudi kutoka hospitali ya Kakamega
nusu ya mdomo imelala,
haiamki hata ukiiita kwa jina la Mungu.
Kijiko cha bati, bakuli la bati. Ndiyo lugha yetu.

Leo amenyoosha kidole juu ya meko.
Nimepanda kigoda, nikaingiza kichwa
katika masizi ya miaka thelathini,
nikapapasa uchanja: magunzi ya mbegu, ungo uliotoboka,
halafu hiyo,
ngumu kama soli, nyeusi,
imefungwa kwa kamba ya mgomba.
Nyama ya Februari. Ya mwisho kukaushwa
na mikono yake yote miwili.
Fundo lake lilinishinda. Nikalikata kwa kisu
huku nimempa mgongo, asione.

Mimi ni Amukowa, fundi wa baiskeli pale Khayega.
Nyoosha rimu, ziba pancha, hayo niulize.
Jikoni nilikuwa naingia kuchukua kaa la kuwashia sigara.
Baba alisema mwanamume akikaa mafigani
ndevu zake huungua.
Jioni walizogombana
alilala na njaa, na ndevu zake zote.

Maji ya kwanza yametoka rangi ya chai kavu.
Namwaga. Kimya.
Nainua ya pili nimwage:
mara mbili! Bakuli linalia.
Sawa, Mama. Ya pili yanabaki.

Mboga nimechuma nyuma ya zizi:
saga chungu, kunde changa,
mrenda konzi moja wa kuteremsha koo.
Nachambua kama ninavyosafisha mnyororo,
pingili kwa pingili, na vidole vyangu vya grisi
ambavyo sabuni imekata tamaa navyo.
Finike wa jirani anachungulia juu ya ua:
"Amukowa, umeoa chungu?"
Namwambia mahari bado sijamaliza.

Nyama inachemka. Inajifikiria.
Saa nzima haijakubali,
kisha inaanza kuachia moshi wake ndani ya mchuzi,
na jikoni panarudi harufu ya Februari,
ya kuni za mpera na mwanamke aliyekuwa akiimba vibaya
na kunifukuza kwa mwiko.

Imebaki munyu.
Majivu ya maganda ya maharagwe katika kopo
nililotoboa kwa msumari wa nchi mbili,
maji yanadondoka rangi ya asali nyepesi.
Yakipungua, saga itakuuma.
Yakizidi, utamung'unya sabuni.
Nashika kikombe. Namtazama. Ananyanyua kijiko

na mvua ya mawe inashuka Shinyalu.

Mabati yanagongwa na kila mtu kwa pamoja,
ndiyo elfu, hapana elfu,
naona mkono wake unapanda, unashuka,
sisikii kitu.
Ngapi? napaza sauti. Ngapi, Mama?
Mchuzi unapanda ukingoni. Kunde hazisubiri.
Anaweka kijiko chini. Anafumba macho.

Basi nikamimina.
Sikupima. Mkono ulijisimamisha wenyewe
mahali fulani
ambapo nadhani niliwahi kuuona wa kwake ukisimama
siku nilizokuja kutafuta kaa la moto
na kujifanya sioni.

Mvua imekatika. Mawe yanayeyuka mlangoni,
kuku wanayadonoa wakidhani ni mahindi.
Namlisha polepole, upande ulio macho.
Anatafuna. Anameza. Tone linateremka kidevuni, nalifuta.
Anachukua kijiko mkononi mwangu.

Mara moja. Mara nyingine.
Moyo unanianguka.
Mara ya tatu.

Hatujawahi kukubaliana kuhusu tatu.
Munyu? Mara mbili, hapana.
Nyama ngumu? Hapana.
Nimesimama na mwiko kama mtu aliyeulizwa jina lake,
naye anasukuma bakuli,
linakwaruza sakafu ya udongo
mpaka linagusa goti langu.