Nongo

Lala kifudifudi, Perihan, jiwe limeshapata moto.
Nje Bursa inaangukiwa na theluji, humu tunatoka jasho.

Miaka arobaini nakusugua kwa kitambaa cha singa za mbuzi,
tangu mkesha wa harusi yako,
ulipocheka kwa kutekenywa mbavuni
na nongo zikatoka ndefu, laini, kama tambi.
Siku hizo ngozi yako ilikuwa na haraka:
chembe huzaliwa chini gizani, hupanda,
hukauka, hudondoka,
mwezi mmoja tu, na aliyeondoka hapa siye aliyerudi.

Sasa zinapanda kama mimi na ngazi za nyumbani,
zinapumzika kila kidato.
Siku hamsini, pengine zaidi.
Nikikaza mkono kidogo damu inavilia,
kwa hiyo nakupitia kama anayefuta vumbi
kwenye karatasi ya sigara.

Husemwa ngozi ivute ingali maji.
Hiyo ni ya ng'ombe.
Yako ilivutwa na mimba tatu, ikarudi;
ya nne, ikakataa.

Ila kuna jambo sijalielewa.
Nimekumwaga mara ngapi kwenye mfereji ule?
Mia nne? Mia tano?
Na kovu la pasi, hapa juu ya kiwiko,
bado lipo palepale,
kama mpangaji asiyelipa kodi wala kuhama.

Geuka. Taratibu.
Tazama msumarini: kitambaa kimening'inia, kikavu.
Tangu uingie nakusugua kwa kiganja kitupu
na hukugundua.