Mvumo

Niliinunua Kiboriloni, chini ya rundo la pasi
na feni zilizopoteza mapanga.
Muuzaji alisema laki na nusu. Nikaondoka.
Akaniita. Nikaondoka tena.
Elfu themanini, na waya wake umekatwa karibu na mgongo
kama kitovu.

Vali nne. Bati nene. Ndani, pumba za kahawa:
iliwahi kuishi kwenye ukumbi wa chama cha msingi,
ikitangaza bei ambazo hakuna aliyezipenda.

Nikaiwasha kibandani kwangu, Majengo,
kati ya mshona viatu na Kimambo wa majeneza.
Vali zikaiva taratibu, rangi ya papai.
Kisha ikaanza,
mmmmmm,
kama mtu anayekubali jambo
ambalo hakulisikiliza.
Kimambo akasimamisha msumeno:
"Hiyo ni ya kanisani au ya kusaga?"

Baba alinifundisha kazi hii kwa mkono mmoja.
Wa pili uweke mfukoni, Elinaike,
umeme ukikushika ushuke mguuni,
usikatize moyoni kufuata mkono mwingine.
Na kapasita usiiamini hata ukishachomoa.
Inatunza deni. Volti mia nne, kimya, zinakungoja.
Alikufa kwa sukari, si kwa umeme.
Pale Mawenzi, wodini, mkono wake wa kushoto
ulikuwa ukitafuta mfuko kwenye shuka.

Mvumo si uvumi.
Uvumi una mwenyewe, ukiufuata utafika
kwenye mlango fulani wa Njoro au Pasua.
Mvumo huna pa kuufuata. Unaondoa kimoja kimoja
mpaka kibaki chenye hatia.

Jumatatu niling'oa kapasita zilizovimba, nikalehemu mpya.
Ukavuma.

Jumanne nikageukia ardhi, kama kila ugomvi wa Uchagani:
nyaya sita za ardhi, kila mmoja na kihamba chake.
Nikaziketisha zote chini ya skrubu moja.
Ukavuma, ila kwa adabu.

Jumatano nikatoa vali zote. Nikachomoa spika.
Pakabaki bati, chuma, na ile sauti.
Nikaweka ncha ya bisibisi juu ya transfoma,
mpini sikioni.
Hapo.
Karatasi zake za chuma, zilizobanwa kama kurasa,
zilikuwa zimelegea, zinapigana
mara mia kwa sekunde, tangu sijui mwaka gani,
na hakuna aliyekwenda kuamua.

Kimambo akanipa vanishi, ile ya majeneza ya wenye nazo.
"Ikishindikana," akasema, "nina sanduku la saizi yake."
Nikaitumbukiza. Ikatoa mapovu hadi magharibi.
Siku mbili juani. Boliti nne,
nikazikaza mpaka meno yangu yakauma.

Chuma kikanyamaza.
Spika, bado, ikanong'ona.

Nilikaa. Nilikunywa chai ikapoa. Ndipo nikaona:
transfoma mbili zimetazamana,
kubwa ya umeme, ndogo ya sauti,
na kubwa inamwagia ndogo maneno yake yote.
Nikafungua ndogo, nikaigeuza nusu kidole,
nusu kidole tena,
na kwenye robo ya mzunguko
sauti ikazama kama jiwe kwenye mtungi.
Kumbe ni hilo tu. Wakwe
hawaketishwi uso kwa uso.

Mzee Mchau wa kwaya ya Rau akaja kuiangalia.
Akaweka sikio kwenye spika, akaliondoa, akaliweka.
"Mbona haijawaka?"
"Imewaka."
"Sasa mtu atajuaje?"
Nikaigeuza mgongo. Papai nne, ndogo, mbivu.
Akazisogelea kama mtu wa mlimani anavyosogelea jiko.

Hapo umeme ukakatika.
Msumeno wa Kimambo ukafa katikati ya ubao.
Friji ya duka la soda ikakohoa, ikaacha.
Kumbe mtaa mzima ulikuwa ukivuma.

Vali hazikuzima mara moja.
Mzee akanyoosha kidole ndani, chini, penye kapasita.
"Usiguse," nikasema,
na mkono wangu wa kushoto
ulishaingia mfukoni.