Alichoandika Karani

Białystok, Februari. Theluji imeganda dirishani
na mimi nimeganda kwenye M,
M ya Mahakama Tukufu. Neno la kwanza kabisa,
lango ambalo mawakili wenzangu hulipita bila kuligusa
na mimi hulikuta limekomewa kwa ndani.

Hakimu anatazama saa, kisha anajifanya hakutazama.
Wakili wa mwenye nyumba, Radosław Giedroń,
anapanga upya kalamu zake tatu. Ni mtu wa adabu;
ndiyo maana namchukia zaidi.
Utepe wa kijani shingoni mwangu unapanda, unashuka,
koo linapiga pampu kisima kikavu.

Nyuma yangu ameketi mzee Eustachy, mteja wangu,
miaka sabini na sita, kofia magotini,
anafukuzwa chumbani kwa deni la makaa
ambalo risiti zake zinasema alilipa.
Nilimwambia siku ya kwanza: mzee, nina kigugumizi.
Akasema: na mimi sina hela. Tumelingana.

M— m—
Profesa aliwahi kunishauri, kwa nia njema:
sheria ni pana, binti, kuna hati, kuna mikataba,
kuna ofisi zenye milango ya kufunga.
Mama naye: imba maneno, waimbaji hawakwami.
Nilijaribu. Ombi la kuahirisha kesi
halina tuni.

Likatoka. Yakafuata mengine,
haya kwa mkupuo, yale yakiburuta mguu,
risiti ya Oktoba, ya Novemba, ya D— d— Desemba,
dakika arobaini kwa hoja ya dakika kumi na mbili.
Na muda wote Bi Wacława, karani,
alishikilia vidole juu ya taipu
kama mtu aliyemshikia mlango mwenye mizigo.

Wiki iliyofuata nikapewa nakala. Nikaisoma ngazini:

    Mteja wangu kalipa, risiti zote kamili,
    Makaa hakuyakopa, hesabu yatoa kweli,
    Sheria haijatupa haki ya mtu dhalili,
    Ninaomba papa hapa, shauri litupwe mbali.

Au ndivyo masikio yangu yalivyoisikia.
Nani huyu? Ameteleza tangu mwanzo hadi mwisho
kama kipande cha sabuni. Amevaa joho langu,
ametajwa kwa jina langu, Jagna Sawoń,
na sijawahi kukutana naye.

Nikashuka kwa Bi Wacława.
Nilitaka kuuliza: kwa nini umenifuta?
Nikakwama kwenye K.
Watu hunimalizia maneno, na kila mara hunipa lisilo langu.
Yeye alimimina chai. Akangoja. Akaweka sukari. Akangoja.

Kisha akasema: mashine hii ina nukta, ina kistari.
Nikiweka nukta, watadhani umemaliza.
Nikiweka kistari, wataandika kwamba ulisita.
Miaka ishirini na tisa nimewasikia wanaosita humu ndani,
wanasema haraka haraka, bila kujikwaa.
Wewe husiti. Kitufe chako hawajakitengeneza.

Sikujua nishukuru au nigombe.
Hadi leo sijui. Chai niliinywa.

Mwenye nyumba akakata rufaa. Majaji watatu,
ambao hawakunisikia hata pumzi,
walisoma karatasi, wakamwachia mzee chumba chake,
na ukurasa wa sita wakaandika
kwamba wakili alieleza kwa ufasaha.

Mzee Eustachy alitaka nimsomee hapo, nimsomee mwenyewe, kwa sauti.
Tulikuwa jikoni kwake. Makaa yalikuwa yakipasuka taratibu.
Kwa u— kwa uf—
Nikaona aibu, nikataka kuruka mstari.

Akavua kofia, akaitundika msumarini.
Usiharakishe, akasema.
Hapa hatufukuzwi.