Muhtasari wa Kikao, Mtama

Agenda ya kwanza, bucha. Nani ashike kisu.
Hatukuafikiana. Tangu mwaka juzi tuna bucha mbili,
mwezi umechorwa huku, msalaba kule,
na ng'ombe wote wanatoka zizi moja.

Agenda ya pili, makaburi. Watu wa kwaya walidai
watu wa madrasa wamevuka mkorosho wa mpaka.
Mzee Nangomwa akapiga meza. Katekista akapiga meza.
Meza ni ya shule, mguu wake mmoja ni tofali.

Agenda ya tatu, vipaza sauti. Iliahirishwa.

Mimi ndiye katibu. Wananichagua kwa mwandiko.
Nje mabibo yalikuwa yakichacha, inzi wamelewa.

Mengineyo.
Neno hilo ndilo lenye meno.
Mtu akasema: fundi Severini, na yule Mfaume wa ghalani.
Ukumbi ukanyamaza kama darasa lililosikia kiatu cha mwalimu.

Severini, aliyeshona majoho ya kwaya
na kanzu za Maulidi kwa cherehani ileile,
pini mdomoni, akikupima kiuno bila kukugusa.
Mfaume, mbeba magunia ya korosho,
ambaye jioni hukaa kizingitini pale
akikata nyuzi zilizozidi, polepole,
kwa vidole vinene vile.

"Ushahidi?" mwenyekiti akauliza. Ni mtu wa haki.
Kisha akanigeukia:
"Katibu, si wewe uliyeandikisha vyandarua?"

Mwezi wa tano nilipita nyumba kwa nyumba.
Kwa Severini nilihesabu: watu wawili, kitanda kimoja.
Alinitazama. Nikaandika. Nikanywa maji yake,
nikasema chomekeni vizuri, mbu wa hapa hawana adabu.
Tulicheka wote watatu.

Ningesema daftari limelowa.
Ningesema nimesahau miwani.
Nilifungua ukurasa wa kumi na tisa, nikasoma
kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mnada.

Hapo ndipo Mzee Nangomwa na Katekista
walipotazamana usoni, mara ya kwanza tangu bucha,
wakasogeza viti.
Huyu akatoa aya, yule akampokea na mstari,
kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja,
na kilichomo kinuni hakuna aliyekiangalia.

Iliazimiwa: waondoke kabla ya jua kuzama.
Niliandika "kwa kauli moja."
Sikuwahi kuandika maneno hayo kabla ya siku ile,
wala baadaye.

Kikao kilifungwa kwa dua mbili. Amin. Amina.
Nilikuwa nimefumba macho, sikutambua ipi ya nani.

Yaliyofuata hayamo; hayakuwa kwenye agenda.

Kesho yake vitambaa vilimwagwa barazani, kila mtu achukue chake:
kanzu yenye mkono mmoja,
gauni la kipaimara lisilo na pindo.
Hakuna aliyepata wa kumalizia.

Mimi nilichukua daftari lake la vipimo.
Tumo wote. Vifua, mabega, nyonga,
kwa penseli, bila dini.
Jina langu liko ukurasa wa mwisho:
kiuno thelathini na sita,
na pembeni, kwa mwandiko mbaya,
"Ongeza kidogo. Anaona haya kusema."